Mtaro Uliopinda Nyuma ya Jiko

Mwende, mama yangu,

Salamu nazipunguza, maana tuko nyumba moja na asubuhi tumekunywa chai ya birika moja. Mtu akinikuta hapa namwandikia barua binti yangu ambaye viatu vyake viko chini ya meza hii hii, atasema Musyoka ameanza kuzeeka vibaya. Acha aseme. Wewe umekwenda kanisani kuombewa safari, ndugu zako Kilonzo na Mumo wamekufuata kwa ajili ya chapati, na mimi nimesingizia goti. Goti haliumi. Nimebaki ili niandike kabla hujarudi.

Mambo ya kufunga begi, ya kutoazimisha sweta, ya kula kabla ya mtihani na kutuandikia kila mwezi, mama yako atakwambia, na asipokwambia yeye utaambiwa na shangazi zako wote mmoja mmoja. Mimi nina jambo moja tu. Ni lile la Jumapili.

Tulikuwa tunakula muthokoi. Ulikuwa umeshika lile gazeti ulilopewa na mwalimu wako wa fizikia, macho yamekutoka kwa furaha, ukasema, "Baba, sayansi ishaprove hiyo kitu. Kitu hakipo mpaka mtu akiangalie. Hata mwezi. Ukigeuka, ni kama hakuna mwezi." Kilonzo akauliza kama akifunga macho vyombo vya kuosha vitaisha. Tukacheka. Nami, mzee mzima, nikadakia, "Hiyo niliijua zamani nikiwa Mwingi. Mvua isiyoandikwa haikunyesha." Mama yako akaweka mwiko chini. Wewe ukamgeukia, ukitaka naye aingie kwenye mchezo: "Na wewe Mama unasemaje? Kitu hakuna mtu aliona, kwani kilikuwako?" Akakujibu, "Aliyeona yuko," akainuka, akatoka nje na sahani yake imejaa.

Tangu siku hiyo mnasemeshana kama watu wanaopishana kisimani. Nilikusikia ukimwambia Mumo eti Mama anaogopa sayansi kwa sababu ya kitabu cha Mwanzo. Sio hivyo. Mama yako ndiye aliyeuza mbuzi wake watatu ili usome hiyo sayansi. Umemgusa mahali ambapo hukujua kwamba papo, na hukujua kwa sababu mimi nilihakikisha hujui. Kesho alfajiri unashuka mlima kwenda kutafuta gari la Nairobi. Ukiondoka hivi, ukiwa umemwachia neno lile bila kujua ulimwambia nini, hilo kosa halitakuwa lako. Litakuwa langu, na nimekwisha kuwa nayo ya kutosha.

Ngoja nifunge mlango, kuku wanaingia.

Kisa cha ndengu unakijua. Nimekisimulia kila Krismasi mpaka mnanimalizia. Nilikuwa kijana wa idara ya kilimo huko Mwingi, na kila siku saa tatu asubuhi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufungua kipima mvua, ndugu ya hiki tulicho nacho hapa uani, bomba la shaba lenye faneli juu na chupa ndani. Unapima maji, unaandika kitabuni, unafunga. Miezi mingi unaandika sifuri tu, ndiyo Mwingi ile. Basi kuna wiki moja niliondoka siku sita bila kumwachia mtu kazi. Niliporudi nikakuta chupa ina maji, tena mengi. Tulikuwa tumefundishwa: kama hukuwepo, pima jumla, andika kwamba ni ya siku kadhaa, zile siku zenyewe uziache wazi. Mimi niliyamwaga yale maji chini, nikaandika sifuri mara sita.

Baada ya wiki mbili mkubwa wetu akaja kutoka Kitui. Akatazama kitabu, akatazama mashamba ya majirani, ndengu zimefika kifundo cha mguu. Akaniuliza, "Musyoka, hizi ndengu zimemea na mate ya nani?"

Hapo ndipo mnapocheka, na mimi huwa nasimama hapo ili mcheke. Sijawahi kuwamalizia. Aliniuliza kama zile siku nilikuwepo kazini. Nikasema nilikuwepo. Akafunga kitabu polepole, hakukasirika, na afadhali angekasirika. Akasema, "Kijana, kama hukuwepo, andika hukuwepo. Usiandike mvua haikuwepo." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Na pia sijawahi kuwaambia zile siku sita nilikuwa wapi. Nilikuwa hapa Mbooni. Nilikuja kumwona mtoto wangu.

Mwende, wewe sio kifungua mimba wa mama yako.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikazunguka nyumba, nikarudi. Bado iko hapo. Basi niendelee.

Tulikuwa tumeoana mwaka mmoja. Mama yako alikaa hapa na mama yangu, mimi nikiwa Mwingi, tukionana kwa bahati. Siku moja dereva wa lori la ng'ombe akanipigia honi njiani, akaniambia mke wangu amejifungua, yeye mzima na mtoto mzima. Hakusema mtoto gani, na mimi kwa kiherehere cha furaha sikuuliza. Nikanunua blanketi dogo la samawati, nikapanda lori, nikalala njiani, nikamalizia kilima kwa miguu. Nilihesabu siku vidoleni nikipanda. Nilikuwa nafika siku ya tatu, siku ya jina.

Wewe umezaliwa wakati mwingine, kwa hiyo nikueleze. Kwetu sisi Wakamba wa zamani mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo wazee walisema bado ni wa huko alikotoka, hajakaa sawasawa upande wetu. Baada ya jina ndipo anakuwa mtu, anahesabiwa. Sasa akiondoka kabla ya siku hiyo, hakuna kilio, hakuna matanga, hakuna kumtaja. Akina mama wanamzika wao wenyewe, wananawa mikono, wanaendelea na kazi. Na usidhani kanisa lilitusaidia hapo. Hakuwa amebatizwa, hakuwa kitabuni, mchungaji hakuwa na ukurasa wa kumtia.

Mama yangu alinipokea nje kabla sijafika mlangoni. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko.

"Musyoka," akasema, "hakuna mtoto. Ingia uoge."

"Amekufa?"

"Nimekwambia hakuna mtoto. Hakuna aliyeitwa jina hapa. Usilete kilio, utamfungia mke wako njia ya wale wengine."

Sijamchukia mama yangu kwa hilo, na wewe unayebeba jina lake usimchukie. Alikuwa amezika wake wawili kwa njia hiyo hiyo, na ndivyo alivyoweza kuamka kesho yake akashika jembe. Mwenye kosa ni mimi. Nitakwambia kitu ambacho sijamwambia mtu yeyote. Aliposema hakuna mtoto, nilipata nafuu. Moyo ulishuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Kama hakuna, basi hakuna cha kulia, hakuna cha kujilaumu kwamba nililala njiani badala ya kutembea usiku kucha, na kesho kutwa nitarudi kazini nikiwa yule yule. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu na nilipewa mlango wa kutokea, nikatokea.

Nikaingia kwa mama yako. Alikuwa ameketi kitandani. Nikamwambia, "Usilie kitu ambacho hakikuwa." Kanga yake ilikuwa imelowa maziwa kifuani. Nilikuwa naiona kwa macho yangu haya, na nikasema hivyo.

Sikuuliza alikuwa mvulana au msichana. Wewe ni msomi, utashangaa mtu anawezaje kukosa kuuliza. Ni rahisi sana. Ningeuliza, kungekuwa na wa kuulizwa habari zake. Blanketi nililifungia sandukuni, nalo ndilo ulilofungwa wewe miaka miwili baadaye ulipokuja. Nikakaa siku mbili, nikatengeneza paa la jiko ambalo halikuwa linavuja, nikarudi Mwingi, nikakuta maji kwenye chupa. Nilisimama nayo mkononi nikayatazama. Nilikuwa nimechoka na vitu vilivyotokea bila mimi. Nikayamwaga.

Mama yako amepita hapa dirishani na ungo wa mbaazi, akaniuliza kama naandika hotuba. Nimesema ndiyo. Ameketi kwa nyuma sasa, nasikia maganda yakianguka. Nikisimama hapa mlangoni namwona bega moja.

Nikueleze habari ya mtaro, kwa sababu hapo napo nilikudanganya.

Ulikuwa na miaka mitano niliporudishwa kufanya kazi huku kwetu, na kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha watu kuchimba mitaro mashambani ili udongo usiteremke wote mtoni. Nikasema nitaanza na shamba langu, watu waige. Nilipima kwa kamba na pima maji siku mbili nzima, nikapigilia vigingi, mstari ukafuata mlima vizuri hata mimi mwenyewe nikajipa heko. Wakaja wale akina mama wa mwethya, kikundi chao cha kulimiana kwa zamu, na majembe yao na nyimbo zao. Walichimba tangu asubuhi. Walipofika nyuma ya jiko, karibu na migomba, nyimbo zikanyamaza. Wakageuka pale, wakazunguka mahali padogo, kama upana wa kitanda, wakarudi kwenye mstari wangu upande wa pili.

Nikawaita. "Akina mama, mmeacha vigingi."

Kiongozi wao, marehemu Mama Nduku, hakuinua hata kichwa. "Hapa hatuchimbi."

"Kwa nini?"

"Hapa tumechoka."

"Na pale mbele mmechoka?"

"Pale hatujachoka."

Nikaona aibu, mtu wa kilimo mwenye mtaro uliopinda kama mkia wa mbwa. Nikamvamia mama yako mbele yao wote, nikamuuliza kwa sauti amewaambia nini hawa watu. Akasema, "Sijawaambia kitu. Wanajua." Nikamwambia maji yatapasua hapo mvua ya kwanza, na atakayelaumiwa ni yeye. Jioni nikapigilia vigingi vyangu upya. Asubuhi havikuwepo. Nilivikuta jikoni, chini ya sufuria, vinawaka.

Nilijua, Mwende. Hilo ndilo ninalotaka kukiri. Nilijua tangu nyimbo ziliponyamaza. Kijiji kizima kilijua alipo mtoto wangu, wanawake kumi na sita na majembe yao walijua, na mimi peke yangu nikawa naendelea kutojua kwa bidii. Kutojua kwa namna ile ni kazi nzito kuliko kuchimba. Baadaye, ukiwa darasa la sita, uliniuliza mbona mtaro wetu umepinda pale. Nikakwambia kuna mwamba. Hakuna mwamba. Chimba popote pale ni udongo mwekundu mtupu. Na yale maji hayajawahi kupasua hapo hata mwaka mmoja.

Sasa turudi kwenye gazeti lako. Nimelisoma, nililichukua Jumatatu ukiwa umekwenda Kilungu kumuaga shangazi yako. Nusu sikuelewa. Nusu niliyoelewa inasema kuna vitu vidogo mno, vidogo kuliko vumbi la unga, ambavyo sio hiki wala kile mpaka vipimwe. Wala sitabishana na watu waliovipima. Mimi nimepima mvua miaka mingi, najua kupima sio jambo safi kama watu wanavyodhani. Ukichovya kijiti cha kupimia kwenye chupa, kijiti kinatoka na maji. Umeyapunguza kwa kutaka kuyajua. Kwa hiyo nakubali kwamba kupima kunagusa. Lakini kutoka kugusa mpaka kuumba ni mbali, na sikuona mahali gazeti lilipovuka huo mto. Niliona mwandishi yuko ng'ambo hii, halafu niliona yuko ng'ambo ile, nguo zake kavu.

Usinicheke mapema, kwa maana upande wangu nao una tundu. Nimejaribu wiki hii nzima kukuthibitishia kinyume na nimeshindwa. Nilisema: zile ndengu za Mwingi zilimea na mimi sipo, basi mvua ilinyesha na mimi sipo. Nikafurahi. Halafu nikajiuliza: nani aliziona ndengu? Majirani. Na kama majirani wasingekuwepo? Wangeona ndege. Na bila ndege? Kila shahidi ninayemleta ana macho. Siwezi kuchungulia dunia isiyochunguliwa na mtu, kwa maana nikichungulia nimeshaiharibu. Nimelizunguka jambo hili kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nadhani sayansi haiwezi kuthibitisha kwamba vitu vipo bila sisi, na haiwezi kuthibitisha kwamba havipo. Atakayekwambia amethibitisha, wa upande wowote, muulize kwa heshima alisimama wapi akaona.

Pengine wewe utapata njia. Ndio maana unakwenda, na ndio maana sikutaka usadiki kwamba fizikia ni ya wanaume kama alivyosema mjomba wako. Ila mimi hoja hii hainisumbui kwa ajili ya mwezi. Mwezi una watu wengi wa kuutazama.

Kinachonisumbua ni hiki, na kimeninyima usingizi tangu Jumapili. Mama yangu amekufa. Mkunga aliyemzalisha mama yako amekufa. Mama Nduku tulimzika mwaka jana, na wale kumi na sita wamebaki kama watano, nao walijua mahali tu, hawakumwona uso. Aliyemwona na bado anaishi ni mmoja, ndiye huyo ninayesikia maganda yake. Ikiwa vitu vinakuwepo kwa sababu ya anayevijua, basi yule mtoto amening'inia kwenye kichwa cha mtu mmoja mwenye shinikizo la damu. Siku mama yako akifumba macho, atakuwa hakuzaliwa. Mimi siwezi kukubali hivyo. Sina hoja, nina kukataa tu. Nataka iwe kweli kwamba aliishi zile siku mbili hata tukifa sote, hata Mbooni yote ikawa pori na pasiwe na mtu wa kujua kama palikuwa na watu. Ukiniuliza nimejuaje, sijui. Lakini najua nilivyofanya nilipoamini kinyume chake, na nimekuandikia hapo juu.

Tena kuna jambo dogo linanikera katika hoja zako. Tangu siku ile mpaka leo mimi sijui alikuwa mvulana au msichana. Kwangu mimi hajawa hiki wala kile, kama vile vitu vyako vidogo. Lakini alikuwa mmojawapo. Jibu limekuwepo muda wote huu, hatua ishirini kutoka kitandani kwangu, na halikuwa linaningojea mimi niulize ili liwe jibu. Na ninaliogopa, nikwambie kwa nini. Msichana wa kwanza katika nyumba hii ilikuwa lazima aitwe kwa jina la mama yangu. Kama alikuwa msichana, jina unaloitwa lilikuwa na mwenyewe.

Naona jua limeshuka kwenye mparachichi. Maombi yenu hayawezi kuzidi nusu saa tena, hata kwa yule mchungaji. Naenda kumuuliza. Nikirudi nitaandika, na nisiporudi ujue nimeshindwa kwa mara nyingine.

Nimerudi.

Nilikaa kwenye kile kigoda chako, nikachukua mbaazi na mimi nikaanza kuambua. Akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi akifua nguo. Nikaambua tatu, nne. Nikasema, "Mama Mwende, yule mtoto wetu alikuwa mvulana au msichana?"

Mikono yake haikusimama. Alimaliza ganda lile, akachukua lingine, akalimaliza.

"Miaka ishirini na tatu," akasema. "Ndio unauliza leo."

"Ndio."

"Na nikikataa kukwambia?"

"Utakuwa na haki."

Akatikisa ungo, akapuliza makapi. Nilidhani ndiyo imeisha. Halafu akaanza kusema akiangalia mbaazi, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayeeleza njia.

"Alikuwa msichana. Nywele mingi mpaka hapa kwa shingo. Alinyonya mara tatu, ya nne akakataa. Alikuwa anapiga chafya mbili mbili, na mama yako alicheka. Ndiyo, mama yako huyo huyo. Alisema huyu amekuja na baridi ya huko ametoka. Kidole yangu alikuwa anaishika, hataki kuachilia hata akilala. Usiku wa pili ndio akaachilia."

Nikamuuliza alimwita nani. Sijui kwa nini niliuliza, maana kwa desturi hakuwa na jina.

"Mwende. Ningemwita nani mwingine? Mimi sikungoja hiyo siku ya tatu yenu. Wakati huyu mwingine alizaliwa mkaanza kuniita Mama Mwende, mimi nilikuwa Mama Mwende miaka miwili tayari."

Nikamwambia anisamehe. Nilisema pia lile neno nililomwambia kitandani, nikalitamka lote kama lilivyokuwa ili ajue nalikumbuka, na nikasema lilikuwa uongo na nilijua ni uongo nikilisema. Machozi yalinitoka, sina haja ya kukuficha, hata makamasi. Yeye hakulia. Nadhani alishamaliza kulia zamani peke yake, wakati nilipokuwa natengeneza paa. Alinisogezea ungo magotini, akasema, "Ambua mbaazi." Basi nikaambua, tukamaliza ungo wote.

Nilipoinuka nikamuuliza kama nikwambie wewe. Akasema, "Mwambie. Mimi kila siku nataka kuanza na nakosa pa kuanzia. Na umwambie sikumkasirikia yeye. Hiyo maneno ni yako alikuwa anasema, na hakujua."

Kwa hiyo barua hii, ambayo nilikuwa niitie ndani ya begi uisome ukishafika, nitakupa mkononi ukiingia tu mlangoni. Isome kabla ya chakula. Usije kwangu, mimi nimesema yangu yote. Nenda kwa mama yako, kaa naye, umuulize unachotaka. Anakumbuka mengi kuliko aliyoniambia, nimeona kwa vile alivyonyamaza mahali fulani na kutabasamu. Usimwombe msamaha kwa maneno mengi, atakutuma kuni. Na sikupi habari hii ili umtunze mtu asipotee. Huo mzigo sikutwishi, una masomo ya kubeba. Nakupa kwa sababu ni kweli, na ilikuwa haki yako kabla hujaanza kuongea.

Nasikia Kilonzo akiimba huko chini kwenye njia, mnakuja. Niharakishe.

Dada yako Mwende alizaliwa hapa Mbooni miaka miwili kabla yako. Aliishi siku mbili. Alikuwa na nywele nyingi, alipiga chafya, alimshika mama yake kidole. Mimi baba yake sikumwona. Alikuwepo.

Musyoka,
baba wa watoto wanne.